Kura ya hasira na sisi wahamiaji: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Uingereza)

Ndugu zangu, kila uchaguzi unapokaribia katika nchi hizi za Ulaya tunamoishi, suala la uhamiaji hurudi mezani na vyama vinavyovuna kura za hasira hupaza sauti. Sisi tunaojadiliwa, kwa upande wetu, huliongelea jambo hilo kwa kunong'ona. Leo naomba tuliandike. Ninaposema kura ya hasira nina maana ya kura anayoipiga mtu ambaye hana hakika kama chama anachokichagua kinaweza kuongoza nchi, ila ana hakika kwamba waliokuwa wakiongoza anataka kuwaadhibu. Wachambuzi wa televisheni tunawasikia kila siku, kwa hiyo nawaomba kila mmoja aeleze lililompata au alilolishuhudia mwenyewe, kazini, jirani kwake au kituoni.

Nianze na langu. Tarehe 23 Juni 2016 nilishiriki katika kura ya maoni iliyoitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Nilikuwa na miaka mitatu tu nchini, nikiwa raia wa Kenya, na mpaka leo nakutana na watu wetu wasiojua kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ile ya ubunge. Mwenzangu wa ghalani, raia wa Poland aliyekuwa amekaa miaka kumi na mmoja na kulipa kodi miaka yote hiyo, hakuruhusiwa, ingawa uamuzi ulimhusu yeye kuliko mimi. Asubuhi ile tulitoka pamoja zamu ya usiku katika gari lake. Alisimamisha gari mbele ya shule iliyokuwa kituo cha kura, mimi nikaingia, yeye akabaki nje akivuta sigara. Niliporudi hakuniuliza nimechagua nini, nami sikusema, na safari nzima tulizungumzia tairi lake la nyuma lililokuwa likipoteza upepo.

Asilimia 51.9 walichagua kutoka. Mwaka mmoja kabla ya hapo chama cha UKIP, kilichokuwa kinara wa hoja hiyo, kilikuwa kimepata kura zipatazo milioni 3.9 katika uchaguzi mkuu na kuambulia kiti kimoja tu, kwa sababu hapa anayeongoza jimboni ndiye anayechukua kiti na kura nyingine zote hazihesabiki popote. Wengi tulikicheka. Hatukuona kwamba hakikuhitaji viti, kwa kuwa waziri mkuu Cameron alikuwa ameshaahidi kura ya maoni tangu Januari 2013, kwa kiasi kikubwa ili watu wake wasimkimbie. Karibuni.

Mchangiaji wa 2 (kaunti ya Durham, Uingereza)

Asante kaka kwa mada. Mimi ni mhudumu wa wazee, natembelea nyumba kwa nyumba. Nilikuja mwishoni mwa mwaka 2023 kwa viza ya wahudumu, nikiwa na mpango wa kutanguliza kazi, kukusanya ada, kisha kumleta mume wangu na watoto wawili. Tarehe 11 Machi 2024 kanuni ikabadilika, na mhudumu anayeomba viza upya haruhusiwi tena kuleta mwenzi wala watoto. Waliokuwa tayari kwenye viza hiyo kama mimi walibakiziwa nafasi yao, lakini mwajiri wangu akapoteza leseni ya kuajiri wageni, nikawa na siku 60 za kutafuta mwingine, na kwa hofu niliyokuwa nayo sikuthubutu kuanzisha maombi ya familia. Ninayasema haya ili muelewe hali niliyokuwa nayo kiangazi kile.

Kati ya ninaowahudumia yuko mzee mmoja, mchimbaji wa zamani wa makaa ya mawe. Mgodi wake ulifungwa mwaka 1993, na taa yake ya mgodini ipo mpaka leo juu ya kabati la televisheni. Kila Jumatatu naifuta vumbi, naye hunielekeza niishike wapi. Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024, nikiwa nimemaliza kumwogesha na kumvalisha, alinipa bahasha iliyokwisha kufungwa akaniomba niitumbukize katika sanduku la posta, kwa kuwa magoti hayamfikishi hata mwisho wa mtaa. Ilikuwa kura yake. Akaniambia bila kuficha kwamba amechagua Reform, chama kinachopinga uhamiaji. Nadhani aliona uso wangu ulivyobadilika, kwa sababu aliniwahi: "Siyo wewe, mwanangu. Wewe unafanya kazi. Ni hao wengine."

Nilitembea na bahasha ile mpaka kwenye sanduku jekundu la kona, mwendo wa dakika nne, na nakiri kwamba nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutumbukiza barua. "Hao wengine" ni nani? Mume wangu anafanya kazi pia. Wanaokaa katika hoteli wakisubiri majibu ya maombi yao ya hifadhi wengi wao hawafanyi kazi kwa sababu sheria inawakataza. Nikaitumbukiza. Ilikuwa kura yake na si yangu, na kama ningeitupa ningekuwa nimekuwa mtu yule yule wanayemhofia.

Jambo moja linanikereketa mpaka leo: kanuni ya Machi haikuwekwa na chama kile. Iliwekwa na chama kilichokuwa madarakani, kilichokuwa kikikihofia.

Mchangiaji wa 3 (Thüringen, Ujerumani)

Dada, hapo mwisho umesema kitu. Kwetu mambo yanafanana, ila mizizi ni tofauti. AfD, chama cha kura ya hasira cha huku, kilianzishwa mwaka 2013 na watu waliokuwa wakilalamikia sarafu ya euro na fedha za kuziokoa nchi zilizofilisika, na uhamiaji ulikuja kuwa hoja yake kuu baadaye, hasa baada ya mwaka 2015 ambapo waomba hifadhi takriban 890,000 waliingia nchini na kansela Merkel akasema kwamba tutaliweza. Tarehe 1 Septemba 2024 chama hicho kilipata asilimia 32.8 katika jimbo letu la Thüringen, na ikawa mara ya kwanza kwake kuongoza katika uchaguzi wa jimbo. Kesho yake, katika tramu ya kwenda kazini, nilijikuta nikihesabu abiria: mmoja, wawili, wa tatu ndiye aliyekichagua. Niliacha nilipogundua kwamba nilikuwa nawafanyia wao kile ambacho siku zote nalalamika kufanyiwa.

Fundi mwenzangu, ambaye tunagawana mashine moja, alinieleza wazi kwamba yeye ni mmoja wao. Nilimwuliza kwa nini, naye hakuanza na wageni hata kidogo. Alianza na basi. Kijijini kwao lilikuwa likipita kila saa, sasa linapita mara tatu kwa siku. Shule aliyosoma imefungwa, na wenzake wa darasani, hasa wasichana, walihamia magharibi miaka ya tisini viwanda vya mashariki vilipouzwa na kufungwa, hawakurudi. Daktari wa kijiji alistaafu, na kwa miaka miwili hakukuwa na mwingine. Nikamwuliza kama mpaka sasa hakuna. Akasema yupo, alikuja mwaka jana, ni Msiria, ni mzuri sana. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, akiendelea kukaza skrubu, bila kuonyesha kwamba anaona mgongano wowote. Kumbukeni kwamba Wasiria ndio kundi kubwa kuliko yote la madaktari wa kigeni nchini humu, na katika vijiji vya mashariki wakiondoka wao hakuna wa kuziba pengo.

Simdharau mwenzangu huyo. Hasira yake ya basi na shule ni ya haki kabisa. Ninachomlaumu ni kuipeleka kwa anayemwambia kwamba basi lilichukuliwa na mgeni. Mimi nilipata uraia baada ya sheria mpya ya tarehe 27 Juni 2024 kuruhusu uraia pacha na kupunguza miaka ya kusubiri hadi mitano, na kura yangu ya kwanza ilikuwa ya tarehe 23 Februari 2025. Siku hiyo waliojitokeza walikuwa asilimia 82.5, idadi ambayo haijapata kuonekana tangu nchi iungane, na AfD kikashika nafasi ya pili kwa asilimia 20.8. Wale waliokuwa wakisema kwamba watu wakijitokeza kwa wingi vyama hivi vitapungua, wajiulize upya.

Mchangiaji wa 4 (Malmö, Uswidi)

Nitasema jambo ambalo wengi hamtalipenda. Mwaka 2022 mimi nilikipigia kura chama cha Wanademokrasia wa Uswidi, kinachopinga uhamiaji. Nilifika hapa nikiwa mkimbizi kutoka eneo la Maziwa Makuu, nikajifunza lugha, nikaendesha mabasi miaka kumi na tisa. Mtaani kwetu kijana wa jirani, niliyemjua tangu akibebwa mgongoni, alipigwa risasi mlangoni pa ngazi zetu, na damu ilisafishwa na mke wangu na mama mwingine kwa sababu kampuni ya usafi ilikuwa haijafika mpaka jioni. Kwa miaka mingi vyama vikubwa vilituambia kwamba kulitaja tatizo la magenge ni kuchochea ubaguzi. Aliyelitaja alikuwa mmoja tu, nami nikampa kura, huku nikijua vizuri kwamba chama hicho kilianzishwa mwaka 1988 na watu ambao baadhi yao walitoka katika vikundi vya Wanazi mamboleo.

Kilipata asilimia 20.5, kikawa cha pili kwa ukubwa, na kwa makubaliano yake na vyama vya serikali, yanayoitwa ya Tidö, ya Oktoba mwaka huo, serikali ikaanza kuwategemea wao bungeni. Magenge sitasema yamekwisha. Ila binti wa dada yangu, muuguzi, ambaye anasubiri uraia, ameanza kusoma mapendekezo ya kuongeza miaka ya kusubiri kutoka mitano hadi minane, na kila akija nyumbani ananionyesha ukurasa kwenye simu bila kusema neno. Hajui nilimpigia nani. Au anajua.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, nakushukuru kwa kusema kweli, na nawaomba wengine wasimtupie matusi. Kama tunataka kuelewa kura hii, basi na anayeipiga akiwa miongoni mwetu tumsikilize. Naongeza swali dogo: kuna yeyote aliyeona chama cha namna hiyo kikishika serikali au kikififia?

Mchangiaji wa 5 (Rotterdam, Uholanzi)

Kushika serikali tumeona. Chama cha Wilders, mwanasiasa anayepinga uhamiaji, kilipata viti 37 kati ya 150 Novemba 2023, serikali ya mseto ikaapishwa Julai 2024, na tarehe 3 Juni 2025 yeye mwenyewe akaivunja kwa kujitoa. Bosi wangu wa zamu, aliyemchagua kwa sababu binti yake ana miaka 29 na bado analala chumba alicholala akiwa mtoto, siku hiyo alikuwa amenuna. Alisema kwamba yeye alichotaka ni nyumba.

Mchangiaji wa 6 (Denmark)

Na kufifia tumeona sisi. Chama cha Watu wa Denmark kilikuwa na asilimia 21.1 mwaka 2015, kikashuka hadi 8.7 mwaka 2019, na 2.6 mwaka 2022. Msisherehekee mapema. Kilishuka kwa sababu chama kikubwa cha mrengo wa kushoto kilichukua hoja zake za uhamiaji, kikaenda nazo kwenye uchaguzi na kushinda. Sheria ya Januari 2016 inayowaruhusu maofisa kutwaa mali za mwomba hifadhi zinazozidi thamani ya kroner 10,000 iliungwa mkono na chama hicho hicho cha mrengo wa kushoto. Ninafanya ukalimani, na nimewahi kukaa kati ya ofisa na mama mmoja aliyekuwa akiulizwa kama pete aliyovaa ni ya ndoa, kwa sababu ya ndoa haiguswi. Nilitafsiri swali, nikatafsiri jibu. Ofisa aliandika, akamshukuru.

Mchangiaji wa 2

Narudi kumalizia, maana mmeniuliza kwenye ujumbe binafsi kuhusu yule mzee. Baada ya kusoma alivyoandika kaka mwanzisha mada kwamba raia wa Jumuiya ya Madola wanapiga kura, niliona aibu, kwa sababu mimi jambo hilo nilikuja kulijua kwa yule mzee mwenyewe. Mapema mwaka 2025 barua ya uandikishaji ilikuja kwenye anwani yangu, nikaipeleka kwake nikidhani imekosewa. Aliisoma kwa miwani yake ya kukuza, akasema haijakosewa, akanionyesha kwa kidole mstari unaozihusu nchi kama yangu, akanisimamia mpaka nikaijaza.

Tarehe 1 Mei 2025 nikaenda kwenye kituo na pasipoti yangu ya Tanzania, ambayo ni kitambulisho halali kwa kazi hiyo, msimamizi akaitazama picha, akanitazama mimi, akanipa karatasi na penseli. Katika halmashauri yetu ya Durham, ambako chama cha Labour kilitawala kwa karibu miaka mia, Reform kilichukua viti 65 kati ya 98, na Labour kikabaki na vinne.

Kesho yake mzee alikuwa na furaha na kifungua kinywa chake kilikwisha chote. Aliniuliza nimempigia nani. Nikamwambia kura ni siri. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo, na kikohozi kilipotulia akaniuliza kama zile tembe nyeupe za jioni zitafika Jumatatu au nimpigie simu mfamasia.