Mjadala: Mashujaa wa katuni zetu wapambane na Popobawa na mumiani?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kuna hadithi ambayo karibu kila mwandishi wa katuni wa pwani huifikiria siku moja: viumbe wa simulizi wanatoka midomoni mwa watu, wanapata mwili, na shujaa mwenye nguvu za ajabu anapewa kazi ya kuwarudisha walikotoka. Maadui tumeshawarithi: zimwi, chunusi wa baharini, Popobawa (kiumbe chenye bawa kinachosemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala), mumiani. Nauliza, na swali hili ni la umma, si la wasanii peke yao: wote hao wachorwe?

Msimamo wangu ni kwamba zimwi na chunusi wachorwe bila wasiwasi, Popobawa achorwe kwa masharti, na mumiani asichorwe kabisa.

Kigezo changu ni kimoja: nani mtaani anaweza kufananishwa na adui huyo? Zimwi hana jirani anayefanana naye. Mumiani hana umbo lake mwenyewe. Ni binadamu mwenye gari, sare, chupa na sindano, anayesemekana kukamua damu za watu ziuzwe. Kila anapopata uhai, anaupata kwenye mwili wa mtu halisi. Mombasa mwaka 1947 umati ulivamia kituo cha zimamoto, maana wazimamoto walikuwa na magari mekundu na kazi za usiku. Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959 tuhuma za mumiani zilizaa ghasia na askari polisi akauawa. Oktoba 2016, Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliitwa wanyonya damu. Waliuawa wote watatu, gari likachomwa. Mwaka uliofuata uvumi wa aina hiyo uliwaka kusini mwa Malawi, watu wakauawa, Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake Mulanje na Phalombe, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku.

Steringi akimpiga ngumi mumiani ukurasa wa 20, msomaji wa miaka 12 amefundishwa kwamba kumpiga mtu anayeitwa mumiani ni ushujaa.

MWANA WA PEMBA

Ndugu yangu, kwa kigezo chako hichohicho Popobawa naye hapiti. Habari zake zilianza kwetu Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Zikarudi kwa kishindo 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, zikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje makundi kwa makundi, wamekoka moto, wakisoma dua. Na mjini Unguja mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani ndiye. Kiumbe chenye bawa hakikuwa na jirani wa kufanana nacho, lakini umati ulimpata wa kumfananisha, kwa sababu wasimuliaji husema mchana hujigeuza mtu.

Lipo na jingine ambalo wasanii wa bara hulipita haraka. Simulizi yenyewe inadai kwamba aliyeshambuliwa asipowatangazia wenzake, atarudiwa. Yaani adui huyu amejengwa hivi kwamba woga wa kila mtu unamtafutia msikilizaji mpya. Ukimweka kwenye kitabu cha nakala elfu mbili umemfanyia kazi yake. Na waliopatwa na jinamizi lile, wakaona aibu isiyosemeka, wengi wako hai. Hadithi za namna hii zinawachora wao kama watu wa kukimbia na kupiga kelele nyuma ya shujaa.

MCHORA FREMU

Wakuu, mnajadili hadithi nzima, lakini hadithi nzima haisafiri. Inayosafiri ni fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha mchoro. Mtu anapiga skrinishoti ya ile inayotisha kuliko zote, anakata kingo, anairusha kwenye magrupu ya WhatsApp pamoja na sauti fupi inayosema kiumbe kimeonekana mtaa fulani. Jina la mchoraji lilikuwa kwenye kona, limekatwa. Kiputo cha maneno kilikuwa juu angani, kimekatwa. Shujaa alikuwa fremu inayofuata, hayupo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Momo. Lilikuwa sanamu la msanii wa Japani, Keisuke Aiso, lililoonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Picha yake ikatenganishwa na maonyesho, na kufikia 2018 na 2019 wazazi wa nchi nyingi waliamini kuna kiumbe kinachowaamuru watoto wajidhuru kupitia simu, ingawa ushahidi wa watoto kudhuriwa kwa njia hiyo haukupatikana. Sanamu lenyewe wakati huo lilikuwa limeshaoza na kutupwa.

Kwa hiyo kinga iwe ndani ya mchoro. Adui asiwe peke yake kwenye fremu hata mara moja: mkono wa shujaa, joho lake au kamba yake ipite juu ya mwili wa adui, ili anayekata asiweze kumtoa bila kumharibu. Kiputo kilalie bega au bawa, kisielee kwenye nafasi tupu. Jina la kitabu liandikwe kwenye mkunjo wa bawa lenyewe, kwa herufi zinazosomeka hata picha ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 300, kwa sababu picha ikirushwa mara nyingi inapoteza ubora na maandishi madogo yanageuka ukungu. Mistari ya nje iwe minene, rangi bapa mbili au tatu. Msitumie kivuli laini kinachofanana na picha ya kamera, wala msiweke mtaa unaotambulika nyuma yake. Daraja la Manzese likionekana, kesho yake ni ushahidi.

Slender Man, kiumbe wa kubuni wa mtandaoni, alianza Juni 2009 kama picha mbili za kamera zilizochezewa kwa ajili ya shindano la mtandaoni. Sura ya picha halisi ndiyo iliyombeba. Mwaka 2014 huko Waukesha, Wisconsin, wasichana wawili wa miaka 12 walimchoma mwenzao kisu mara 19 wakiamini wanamtumikia. Mtoto yule alipona.

Na jalada ndilo hatari kuliko yote. Muuzaji anataka adui ajae ukurasa mzima, macho kwa msomaji, kwa sababu linauza. Mkikubali hilo, kinga zote za ndani hazina kazi.

AFYA VIJIJINI

Naongeza upande wa vitu vinavyochorwa bila kufikiri. Kisanduku cha baridi cha chanjo, chupa ndogo za sampuli, bomba la sindano, Land Cruiser nyeupe, fulana za kuakisi mwanga, mashine ya kupulizia dawa ya mbu mgongoni: hivyo vyote ni vifaa vya watu wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Mkimpa adui kimojawapo, mhudumu wa afya ndiye atakayelipa. Macho mekundu nayo yaacheni. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ni moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Tarehe ya kutoa kitabu nayo iangaliwe. Kisitoke wiki za kampeni ya chanjo au ya kupulizia dawa majumbani.

Ila nampinga mleta mada kuhusu kumfungia mumiani. Tukimwacha, wanaomsimulia ni wale wanaomwamini tu. Mchoreni, lakini adui wa hadithi asiwe mnyonya damu. Awe ule uvumi wenyewe, uliopata mwili, unaovaa sura ya kila mgeni anayeingia kijijini. Na kazi ya shujaa iwe kusimama kati ya umati na gari.

Tena hapo kuna mambo ya kweli ya kufundisha. Mtafiti halali hubeba barua ya utambulisho inayoshuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mara nyingi inakwama ngazi moja kabla ya mwisho. Barua iko kata, mwenyekiti wa kitongoji hana habari, na wageni wameshaanza kuchimba shamba la mtu. Yowe likipigwa, muda wa kuokoa maisha ni mfupi mno, na likifika kwenye kipaza sauti linakusanya watu ambao hawakuona lolote. Shujaa mwenye mbio za ajabu anaweza kwenda kuchukua barua kata na kurudi na mwenyekiti. Hiyo ni nguvu yenye maana kuliko ngumi.

MSOMAJI WA ZAMANI

Wanaotaka kufungia wakumbuke Marekani mwaka 1954. Baada ya vikao vya kamati ya Seneti kuhusu katuni, wachapishaji wenyewe waliandika kanuni iliyokataza maiti wanaotembea, wanyonya damu, walaji watu na watu wanaogeuka mbwa mwitu. Katuni za kutisha zilikufa karibu zote, na jamii haikuwa salama zaidi kwa hilo. Mwaka 1971 kanuni ililegezwa, wanyonya damu wakarudi, na Januari 2011 wachapishaji wakubwa wa mwisho waliacha kuitumia. Kigezo kilikuwa aina ya kiumbe. Walipaswa kuuliza kiumbe kinamwelekeza nani kidole.

Mfano mwema wanao pia. Mwaka 1946 mchezo wa redio wa Superman ulimpambanisha kwa vipindi 16 na kundi lililochorwa juu ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa huko. Familia iliyoshambuliwa ilikuwa ya Kichina, na shujaa alikuwa upande wake. Adui alikuwa umati wenye chuki. Afya Vijijini anasema hilohilo, nami niko naye.

MUSWADA KWANZA

Kwa upande wa uandishi, tatizo la Mwana wa Pemba linaweza kuwa uti wa mgongo wa hadithi. Kama kiumbe kinaishi kwa kusimuliwa, basi nguvu zake zifuate idadi ya vinywa, na msomaji aione hesabu. Tuseme kitabu kina kurasa 24. Ukurasa wa 4 mtu mmoja anasimulia, kiumbe ni kivuli cha kimo cha kuku. Ukurasa wa 9 soko zima linasimulia, kimefika paa. Shujaa anakipiga, kila pigo linazaa habari mpya, kinakua. Kufikia ukurasa wa 14 ngumi zimeshindwa kabisa na lazima afanye jingine: anamuuliza kila msimuliaji, umeona wewe au umesikia? Saa ngapi? Nani alikuwa nawe? Kila jibu la “nimesikia” linakipunguza.

Waandishi wengi hukosea wakafanya shujaa akataze jina lisitajwe. Huko ni kukubali kwamba jina lina nguvu, na watoto watanong'ona zaidi. Wazee wetu walikuwa na njia bora: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Msikilizaji alialika uongo kwa mdomo wake kabla hofu haijaanza. Bibi msimuliaji na wajukuu wachorwe ukingoni mwa kila ukurasa, si wa kwanza tu, ili ukurasa wowote utakaokatwa ubebe ushahidi kwamba ni hadithi.

MWANA WA PEMBA

Ahsante, hapo umeniheshimu. Lakini lile swali la “umeona au umesikia” lina kosa moja kubwa. Anayeulizwa akiwa ni yule aliyepatwa usiku, aliyeamka amekabwa kifua, hawezi kusogeza mkono, basi shujaa wako anamwita mwongo mbele ya watu. Yeye amepatwa kweli. Jinamizi ni kitu cha kweli, mwili unaganda na akili iko macho. Aliyekosea ni wa pili na wa tatu, walioichukua hofu yake wakaitafutia mtu wa kumuua.

MUSWADA KWANZA

Nakubali. Basi ukurasa wa 14 shujaa aanze na aliyepatwa, akae naye, asimuulize chochote. Maswali yaanze ukurasa wa 15 kwa wenye kipaza sauti.

MLETA MADA

Juu ya mumiani nimesogea nusu. Uvumi kama adui, sawa, mradi mnyonya damu asionekane kwenye fremu hata moja, hata kama ndoto, maana Mchora Fremu ametuonyesha fremu inakwenda wapi. Kabla ya kuchapa, rasimu isomwe na watoto kumi, kisha waulizwe jambo moja tu: huyu adui anafanana na nani unayemjua? Hata mmoja akitaja mtu wa mtaani kwake, adui achorwe upya.

MWANA WA PEMBA

Na jina?

MLETA MADA

Popobawa libaki, kwa maoni yangu. Bila jina watoto hawatajua hadithi inajibu hofu ipi.

MWANA WA PEMBA

Hapo hatukubaliani. Watoto wa Wete na Chake wataijua hofu hiyo kwa namna watu wanavyolala nje, jina halihitajiki. Na kitabu kisichapwe kabla hakijasomwa na watu wazima wa huko walioishi mwaka 1995, wakiwa na haki ya kusema hapana.