Aki ya kopo, iliyogandishwa au ya mtini: ipi inafaa zaidi kwa mapishi ya Jamaika?

Mjukuu wa Pemba (London):
Salaam wanajukwaa. Nakusudia kuwapikia wageni aki (tunda linalopikwa kama mboga) na samaki wa chumvi, mlo wa taifa wa Jamaika. Katika maduka ya Brixton aki ya kopo haikosekani, ingawa bei yake imechangamka, na mara chache nimeiona pia ile iliyogandishwa. Jirani yangu Mjamaika anasisitiza kwamba hakuna inayoishinda ya mtini. Naomba mnisaidie kuzilinganisha kwa ladha, kwa usalama na kwa urahisi wa kupika.

Bi Mwanaisha:
Ndugu yangu, tuanze na usalama. Aki ambayo haijaiva ina sumu iitwayo haipoglisini A, inayosababisha kutapika sana na kushusha sukari ya damu kwa kiasi kinachoweza kuua. Tunda huachwa mtini hadi ganda lake jekundu lifunguke lenyewe na kuonyesha mbegu nyeusi zilizokaa juu ya mnofu wa manjano. Lisilofunguka halilazimishwi kwa kisu. Mbegu hutupwa, utando mwekundu ulio ndani ya mnofu huondolewa wote, kisha mnofu huchemshwa na maji yake humwagwa. Kwa sababu ya sumu hiyo, Marekani ilizuia aki kuingizwa nchini humo tangu 1973 hadi 2000, na hata sasa huipokea tu kutoka viwanda vilivyothibitishwa. Kwa hiyo, kwa mtu asiye na mti wala mwenyeji anayeujua vyema, mimi nachagua kopo bila kusita.

Fundi Jikoni (Toronto):
Nakubaliana na Bi Mwanaisha, ila kwa ladha jirani yako ana hoja. Aki ya mtini, hasa ile ambayo Wajamaika huiita ya jibini, hubaki na umbo lake sufuriani, ilhali ile ya siagi ni laini na hupondeka upesi. Ya kopo imekwisha kupikwa, nayo huharibika kwa kukorogwa. Uichuje maji ya chumvi taratibu kwenye chungio na uiweke kando. Kaanga vitunguu, vitunguu vya majani, nyanya, majani ya thaimu na pilipili ya Kijamaika, ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi. Ongeza samaki aliyechambuliwa, na aki iingie mwisho kabisa pamoja na pilipili manga. Kuanzia hapo tikisa kikaango au pitisha mwiko chini kwa chini, dakika chache tu, mpaka ipate moto. Kuhusu iliyogandishwa, soma maelezo ya pakiti: kama haijachemshwa kiwandani, ichemshe na umwage maji.

Mjukuu wa Pemba (London):
Shukrani. Je, papa mkavu anaweza kuchukua nafasi ya samaki wa chumvi?

Bi Mwanaisha:
Sikushauri. Harufu ya papa ni kali, na aki ina ladha ya upole inayomezwa mara moja. Samaki anayetumika Jamaika ni yule mweupe wa Atlantiki Kaskazini, aliyepelekwa huko kutoka Kanada kama chakula cha bei nafuu cha watumwa wa mashamba ya miwa; aki yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi. Mlo huu umebeba historia ya watu wale, nami ningependa tuupike kwa heshima hiyo. Mloweke samaki usiku kucha, kisha mchemshe na uonje kabla ya kumwaga maji, kwani chumvi ikiisha kabisa chakula kitapooza.

Mpenda Mboga:
Wapo Marastafari wengi wasiokula samaki wala kutumia chumvi, nao huipika aki kwa mboga na tui la nazi. Kwa upande wa chakula cha kusindikizia, shelisheli la kuchoma ndilo linalopendeza kuliko vyote, na sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kulichoma. Ndizi mbichi za kuchemsha au viazi vikuu pia vinafaa.

Mjukuu wa Pemba (London):
Basi nitatumia ya kopo na samaki mweupe, na shelisheli nitalitafuta sokoni. Sehemu ya aki nitaitenga bila samaki, kwa kuwa mgeni mmoja hali nyama wala samaki.

Fundi Jikoni (Toronto):
Vizuri. Ya huyo itangulie kupikwa, katika kikaango ambacho samaki hajakigusa.