Kukodi sola ya nyumbani kwa miaka 25, nitakuja kujuta?

Paa Moja: Wakuu, habari zenu. Kampuni imenifuata nikodi paneli za sola. Kuanza silipi kitu. Wao wanafunga na kutunza, inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ikifa wanabadilisha, mimi nalipa ada kila mwezi kwa miaka 25. Ada ya mwanzo iko chini kidogo ya bili yangu ya umeme. Akiba ya kununua mfumo wangu sina. Wiki nzima silali. Kuna hasara huko mbele, au ni woga wangu tu?

Fundi Waya: Mimi kazi yangu ni kufunga. Paneli zisikutishe, zinapungua nguvu kama nusu asilimia tu kwa mwaka, hata mwaka wa 25 bado zinazalisha. Kinachochoka mapema ni inveta, miaka 10 hadi 15 hivi. Ushauri wangu nunua kidogo kidogo, anza na taa na friji.

Paa Moja: Mkuu, nimesema akiba sina.

Mama Pacha: Sisi tulikodi. Mwaka wa sita paa likaanza kuvuja. Kulitengeneza ilikuwa kazi ndogo, ila paneli si zetu, fundi wetu haruhusiwi kuzigusa. Kampuni ikatutoza kuzishusha, ikatutoza tena kuzirudisha, na ada ya mwezi tukaendelea kulipa paneli zikiwa zimelala chini! Mpaka leo nikikumbuka naumwa. Paa lako lina umri gani?

Jua Kali: Vijana mnapenda vya mkopo. Zamani mtu alijinyima mpaka akanunua chake.

Hesabu Kwanza: Ada inapanda kila mwaka? Kwa asilimia ngapi?

Paa Moja: 3 tu. Umeme nao si unapanda?

Hesabu Kwanza: Hiyo "tu" ndiyo ya kuangalia. Chukua mwaka wa kwanza unalipa 100. Mwaka wa 25 utalipa 203. Ukijumlisha yote ni zaidi ya 3,600, wakati kichwani mwako umeweka 2,500. Na umeme unaoupata unapungua, kama alivyosema Fundi. Kwa hiyo bei ya gridi isipopanda kwa karibu asilimia 3.5 kila mwaka, nafuu yako inaliwa taratibu, na inaweza kufika siku sola ikawa ghali kuliko gridi huku mkataba ukiwa bado umekufunga. Sasa nijibu, hiyo nyumba utakaa mpaka lini?

Paa Moja: Paa ni la miaka 17, halivuji.

Hesabu Kwanza: Nimeuliza utakaa mpaka lini.

Paa Moja: Tutauza baada ya miaka minne hivi, tunahama. Lakini muuzaji wao amesema mnunuzi anarithi mkataba, kwa hiyo sioni tatizo.

Hesabu Kwanza: Anarithi akikubali, na kampuni nayo imkubali. Akikataa, unalipa wewe ada zote zilizobaki, au unapunguza bei ya nyumba.

Bila Kona: Wakuu, hii chai. Mtu anayehama baada ya miaka minne anakosaje usingizi kwa mkataba wa 25? Na umri wa paa mpaka abanwe. Huyu ni mtu wa kampuni, anapima tunaogopa nini.

Jua Kali: Hata mimi nilihisi. Uzi ufungwe.

Fundi Waya: Kama ni wa kampuni, aseme inveta zao ni za aina gani.

Paa Moja: Si chai. Nilisaini Jumamosi. Sikusema kwa sababu nilitaka mniambie nimefanya vizuri. Mke wangu hajui.

Mama Pacha: Ndugu yangu, nyumba ya wawili unasaini peke yako?

Hesabu Kwanza: Hilo mtaongea nyumbani. Wameshafunga?

Paa Moja: Bado. Wanakuja wiki ijayo.

Hesabu Kwanza: Fungua mkataba sasa hivi, tafuta kifungu cha kujitoa.

Paa Moja: Nimekiona, ukurasa wa 11. Naweza kujitoa kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi. Leo ni ya tatu.

Hesabu Kwanza: Usimpigie muuzaji, atakubembeleza. Andika barua, baki na nakala yenye muhuri wao wa kupokea.

Mama Pacha: Na mkeo aisome kabla haijaenda.

Paa Moja: Yuko sebuleni. Naenda nao huo mkataba.