Tupeane uzoefu: mechi gani ya Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, ilikuuma kuliko zote kwa sababu fimbo zililala?

MtotoWaKent: Wakuu salama? Jana tena besi zimejaa (wenzetu watatu wanasubiri kusogezwa), outi hakuna (hajatolewa mpigaji hata mmoja), na hatukupata hata rani (pointi) moja. Nikazima TV, ikanirudia ile mechi ya 15 Oktoba 2022 na Houston Astros. Nilienda na kijana wangu wa miaka sita, mandazi tumebeba kwenye mfuko maana pale uwanjani wanaruhusu chakula chako. Mechi ya kwanza ya pleiofu (mtoano) nyumbani tangu 2001, mji mzima umevaa bluu. Mrushaji wetu Kirby akarusha raundi saba safi, nikasema jamani mmoja tu, tupeni mmoja tu. Raundi ya 9, pale mechi huisha, sifuri, ya 12 sifuri, mandazi yamekwisha, mtoto kalala begani mate yananilowesha jezi, mimi nimesimama naogopa kukaa nikiamini nikikaa tu tunafungwa. Strikiauti (mpigaji anakosa mara tatu, anatolewa) 22 upande wetu! Kila anayekuja anazungusha fimbo kama anataka kuupeleka mpira ng'ambo ya maji, anarudi benchi. Raundi ya 18 Peña wa Houston akaupiga mmoja, ukaruka ukuta. 1-0. Mechi ilichukua saa sita na dakika 22. Mtoto akaamka akauliza, baba tumeshinda? Sikumjibu mpaka tukafika kwenye treni.

Renton254: Nilikuwa juu kabisa siku hiyo. Watu walitoka kimya kama wanatoka matangani.

BukavuTukwila: Ata miye nililia, ndugu. Kweli kabisa.

ChaliTacoma: Hiyo angalau tulikuwa ndani ya pleiofu. Mimi iliyoniua ni 2024. Juni tunaongoza kundi kwa mechi 10, warushaji wetu wa kuanza hakuna timu inayowafikia, halafu wapigaji wakaongoza ligi nzima kwa strikiauti. Agosti kocha akafukuzwa, akaja Dan Wilson, tukakosa pleiofu kwa mechi moja. Na 2023 pia ilikuwa mechi moja! Kwa hiyo mtu akiniambia Aprili bado mapema, tulia, namwambia hizo za Aprili ndizo zinazotutoa.

Renton254: Msiwalaumu wapigaji pekee yao. Uwanja wetu mgumu, hewa ya bahari nzito, mpira unafia njiani.

ChaliTacoma: Acha hizo. Mpigaji wetu Cal Raleigh kapiga homrani (mpira unavuka ukuta) 60 mwaka 2025 na uwanja wake ni huohuo.

Renton254: Raleigh ni mtu mmoja buda. Wanaopiga ni tisa. Wale wengine wako wapi?

MswahiliToronto: Poleni majirani. Mimi ni wa Blue Jays, ile homrani ya Springer wetu iliyowatoa pleiofu 2025, huku tuliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari.

DadaMwana: Kaka wa Toronto, ngoja nikwambie ile usiku kwetu ilikuwaje. Natunza wazee, nilikuwa zamu. Kuna mzee mmoja anaishabikia hii timu tangu ianzishwe 1977, kofia yake imepauka hata herufi huioni. Mechi ya saba na Toronto, ya kuamua, tunaongoza 3-1, raundi ya saba, zimebaki outi nane tuingie World Series (fainali), na katika timu 30 za ligi sisi peke yetu hatujawahi kufika. Amenishika mkono, vidole vyake baridi. Springer akaupiga, rani tatu, 4-3. Mzee hakusema kitu. Akavua kofia, akaiweka kwenye goti, akawa anaipangusa kama ina vumbi. Nikamwambia babu bado tunapiga. Raundi ya tisa wote watatu strikiauti, wa mwisho nyota wetu Julio Rodríguez. Akaniomba nizime taa. Januari akafariki, wanawe wakanipa ile kofia. Sasa nikiona besi zimejaa na mtu anapiga hewa, damu inanichemka.

MtotoWaKent: Dada pole sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe.

MswahiliToronto: Nisamehe dada yangu. Sikujua.

BukavuTukwila: Pole sana mama.

ChaliTacoma: Pole dada. Ndiyo maana nasema wafundishwe bunti (kuugusa mpira tu udondoke karibu), wasogeze mtu besi ya pili, apatikane wa kupiga singo (pigo la kufika besi ya kwanza). Siyo kila mtu anatafuta homrani.

Renton254: Bunti ni kumpa adui outi ya bure. Mmesahau mechi ya tano na Toronto, homrani ya Suárez wetu na besi zimejaa raundi ya nane? Angepiga bunti pale?

ChaliTacoma: Na mechi ya Detroit kabla ya hapo je? Raundi 15, tukapita kwa singo ya Polanco wetu. Singo!

MtotoWaKent: Wote mna haki. Mimi nataka tu wasizungushe ule mpira wa chini kabisa, uacheni upite, mtu atembee besi ya kwanza bure. Tukifanya hivyo pleiofu tunaingia, warushaji tunao.

BukavuTukwila: Miye naonaka raundi ya sita ndio nafungula TV. Roho inabaki salama.

Renton254: Dada, hiyo kofia unaivaa?

DadaMwana: Nikiwa zamu tu, naiweka kwenye kiti chake. Ijumaa niko ofu, nani ana tiketi ya ziada?