Mtu mzima mwenye usonji akifurika: watu wa nyumbani tufanye nini, tuache nini?

Binti_Makorora
Asalaam aleikum wakubwa. Naomba msaada wa vitendo. Pole tumeshapewa nyingi. Kaka ana miaka 31, ana usonji (autism) uliothibitishwa na daktari, anaongea vizuri, anashika hesabu kwenye duka la vipuri Ngamiani, hapa Tanga. Tumepanga, vyumba sita ua mmoja. Mara mbili tatu kwa mwezi, hasa jioni, anafurika: anapiga mayowe, anagonga kichwa ukutani, anatupa kilicho karibu, kisha haongei mpaka kesho yake. Majirani hukusanyika. Wazee wanataka afukizwe na kusomewa. Nauliza: zile dakika zenyewe tufanye nini? Dalili za mapema zinasomwaje? Na je, kuna dawa?

Tibakazi
Wa aleikum salaam dada. Kwanza, kama huwa mnaiita hasira, neno hilo liondoeni. Mwenye hasira ana anachokidai, ukimpa anatulia. Aliyefurika hana anachodai. Sauti, mwanga, joto, maneno na mabadiliko ya ratiba vimeingia kichwani kuliko anavyoweza kuvichambua. Wala si deko: tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unahesabu hisi zinazopokea kupita kiasi, au pungufu, kuwa mojawapo ya vigezo vya usonji.

Ndiyo maana "una nini?" inaharibu. Swali lazima lisikike, lieleweke, litafutiwe jibu, na kazi hiyo ndiyo iliyomshinda kwa wakati ule.

Abaki naye mtu mmoja tu. Wa pili kazi yake ni kuwatoa majirani uani na kuzima redio. Anayebaki asimame pembeni yake, asimkabili uso kwa uso, umbali wa kama mita mbili, na asizibe mlango. Zima taa. Ondoa vioo, jiko, pasi, chochote kigumu. Sema mara moja, taratibu: "Nipo. Sikuulizi kitu." Halafu nyamaza kweli. Wengi hushindwa hapa, wanarudia "tulia, tulia" mara ishirini.

Kichwa ukutani: usimkumbatie wala usimkamate mikono. Penyeza mto kati ya kichwa na ukuta, uushike kwa kingo ili vidole visibanwe. Kama kona anayojigonga inajulikana, pigilia sponji ya inchi 3 hapo, kimo cha kichwa akiwa amekaa na akiwa amesimama. Kumlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni ni marufuku, hata kwa nia njema. Kifua kikibanwa mtu hukosa hewa, na anaweza kufa mikononi mwenu mkidhani ametulia.

Kilele kwa kawaida ni suala la dakika. Kurudi sawa ndiko kunakochukua masaa, pengine siku nzima. Mpeni maji na kitu laini asichohitaji kuamua, uji au chai ya sukari, muache alale. Mazungumzo ni kesho, tena kwa maswali ya kuchagua: "Ilikuwa kelele au joto?" Na msimpeleke kuomba radhi mlango kwa mlango, hiyo kazi ifanyeni nyinyi.

Kimya_Raskazone
Mimi mwenyewe nina usonji, nichukue la dalili.

Kosa la kwanza ni kulaumu kitu cha mwisho. Kikombe kimeanguka, akafurika, basi kila mtu anasema tatizo kikombe. Rudini nyuma saa 24 hadi 48. Chukueni daftari la kawaida, wiki mbili tu, kila siku mstari mmoja: amelala masaa mangapi, amekula saa ngapi, kelele gani, joto, nini kilibadilika bila taarifa, amekaa na watu muda gani akijibana aonekane kama wengine. Hilo la mwisho msilidharau. Mtu anayeshinda dukani akilazimisha kuwatazama wateja machoni anarudi jioni hana akiba ya nguvu. Mnasema analipuka nyumbani tu, kumbe nyumbani ndiko anakoachia.

Halafu tafuteni dalili zake yeye, msichukue za mtandaoni. Kwa wengi sentensi zinafupika, anajibu neno moja, anarudia neno lile lile, anaziba sikio moja, anauliza saa kila mara, anatafuna kola ya shati, anazunguka. Mkishazijua, kubalianeni naye akiwa mtulivu ishara moja isiyohitaji maneno. Akigeuza kofia yake mezani maana yake anaondoka, na hakuna wa kumuuliza aendako.

Wenye usonji wengi hawasikii njaa wala kiu mpaka imezidi. Wekeni kengele kwenye simu: maji kila baada ya masaa mawili, chakula kabla ya kutoka kazini, asisubiri kufika. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, joto la Tanga peke yake linajaza nusu ya uwezo wa mtu. Kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa, shingoni, inasaidia kuliko ushauri.

Kagueni chumba chake mkiwa kimya dakika tano, taa na feni zikiwa zimewashwa. Feni ambayo bushi zake zimelika hutoa mlio mwembamba ambao nyinyi mmeshauzoea. Yeye anausikia usiku kucha. Fundi atabadilisha bushi. Tyubulaiti inayopepesa itoeni, wekeni balbu ya LED ya wati 5 yenye mwanga wa njano.

Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa maduka ya vifaa vya usalama kazini. Wengi huvivaa vibaya kisha husema havifai. Sokota kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia kwa kidole sekunde 30 kitanuke. Ila asivivae kutwa. Masikio yakizoea ukimya, sauti ya kawaida inazidi kuuma. Ni vya sokoni, stendi na usiku wa kigodoro cha jirani.

Binti_Makorora
Ahsanteni sana. Je, kumpa uzito mwilini? Na mama bado anashikilia ubani.

Tibakazi
Uzito unawafaa baadhi, ila awe ameuomba mwenyewe akiwa mtulivu. Blanketi nzito kwa joto letu ni adhabu. Shoneni mfuko wa kitambaa kigumu, tieni mchele kilo 3, aupakate mapajani dakika 15 au 20. Ukianza kumkera, utoeni.

Ustadh_Barabara_ya_12
Bi mdogo, mama yako usimpinge, mbadilishie utaratibu. Tatizo la ubani hapa ni moshi na harufu kali ndani ya chumba kidogo, kwa mtu ambaye pua nayo imezidiwa. Ongeza watu saba na sauti ya juu, unamzidishia kilekile kilichomuangusha. Halafu akilia zaidi watasema jini limepanda. Kusoma hakuhitaji moshi. Mama akae chumba cha pili asome kwa sauti ya chini, au asomee maji, kijana ayanywe kesho yake akipenda. Marashi ya kunyunyiza usoni pia hapana.

Nesi_Chumbageni
La dawa. Hakuna kidonge cha usonji, wala cha kumeza katikati ya tukio. Risperidoni na aripiprazoli zimeidhinishwa Marekani kwa ukali wa mihemko kwa watoto na vijana wenye usonji. Kwa mtu mzima daktari ndiye atapima faida na hasara, na risperidoni hunenepesha na kuleta usingizi. Msinunue diazepamu duka la dawa "ya kumtuliza". Inazoeleka haraka, na wengine inawachafua zaidi.

Kama matukio yameongezeka ghafla, tafuteni maumivu kwanza: jino, sikio, choo kigumu, kidonda cha tumbo. Mtu anaweza kushindwa kuonyesha panapouma. Akikakamaa, akatingishika mwili mzima na hasikii, hicho huenda ni kifafa, na kifafa huambatana na usonji mara nyingi kuliko kwa watu wengine. Mlazeni ubavu, pimeni muda, ikipita dakika 5 hospitali. Vilevile akigonga kichwa kisha akatapika au akasinzia isivyo kawaida, msingoje asubuhi. Kwa mengine anzieni hospitali ya mkoa, Bombo, muulizie afya ya akili, na mwende na lile daftari. Daktari akiona wiki mbili zilizoandikwa hatabahatisha.

Kimya_Raskazone
Nilisahau kadi. Ukubwa wa kitambulisho, ipigwe laminesheni, ikae nyuma ya kava la simu. Iandikwe hivi:

"Nina usonji. Sijalewa, sijapandisha. Naweza kushindwa kusema. Usinishike. Nipe nafasi na ukimya dakika 20. Mpigie: ______."

Nakala moja apewe bosi wake, nyingine dereva wa bajaji anayemrudisha jioni. Namba iwe ya mtu anayepokea simu, si ya mtu mwenye cheo.