Gumzo la Ukoo wa Mwakio, Nairobi: Dozi Mbili za Wakesho

Jumapili, tarehe 4 Januari

19:04 Mkawasi: Shikamooni wazee wetu, na wengine nyote hamjambo. Naomba ujumbe huu usomwe hadi mwisho kabla ya mtu yeyote kuweka picha ya maua. Wakesho ameandikiwa dozi mbili za rituksimabu, ya kwanza Jumatano tarehe 14 na ya pili Jumatano tarehe 28. Kila dozi ni miligramu 1,000, yaani vichupa viwili vya miligramu 500, kwa hiyo tutanunua vichupa vinne. Ukijumlisha na kitanda cha mchana na vipimo, tunahitaji shilingi 260,000, na mfukoni mna 96,500. Tuko watu 23 humu. Waliochanga ni saba, na watatu kati ya hao saba wanalala nyumbani kwangu.

19:31 Mkawasi: Naona watu 17 wamekwisha kuusoma. Nashukuru kwa kusoma.

19:40 Mwandoe: Dada, huu ni mwezi wa Njaanuari. Kesho shule zinafunguliwa, na hapa dukani Luthuli watu wanaingia kuuliza bei ya chaja kisha wanatoka bila kununua. Lakini nimesoma, na nina swali la kweli. Hii si dawa ya saratani? Jirani yangu wa duka mkewe alitiwa dripu yenye jina hilohilo alipougua saratani ya tezi za limfu. Je, kuna jambo kuhusu Wakesho ambalo hatujaambiwa?

19:43 Mkawasi: Wakesho hana saratani. Shemeji Odhiambo, tafadhali waeleze wewe, kwa maana mimi nikieleza wanasema nafoka.

19:58 Odhiambo: Hamjambo nyote. Mwandoe hajakosea, kwa sababu dawa hii ilianzia huko: Marekani iliiidhinisha mwaka 1997 kwa saratani ya seli B. Seli B ni aina ya seli nyeupe za damu, nazo ndizo zinazokomaa na kuwa viwanda vya kingamwili, yaani protini za kupambana na magonjwa mwilini, na juu yake zina alama iitwayo CD20. Rituksimabu yenyewe ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani ili ikamate alama hiyo na kuziangamiza seli hizo. Sasa ugonjwa wa Wakesho, miasthenia gravisi, unatokana na kingamwili za mwilini mwake mwenyewe ambazo zimekosea adui. Zinashambulia protini iitwayo MuSK, ambayo kazi yake ni kuvikusanya vipokezi vya msuli mahali pale neva inapokutana nao. Vipokezi vikitawanyika, neva hutoa amri lakini msuli hausikii vizuri, na ukirudia kuuamuru ndivyo unavyozidi kuchoka. Ndiyo maana asubuhi anaongea vizuri na jioni sauti inatokea puani. Kwa hiyo tunatumia kingamwili moja kuziondoa seli zinazozaa kingamwili potovu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa kuwa neno ni lilelile kwa dawa na kwa ugonjwa.

20:01 Mwandoe: Shemeji, hiyo kingamwili ya kiwandani imetengenezwa kutokana na nini?

20:03 Odhiambo: Sehemu inayokamata shabaha asili yake ni panya, na iliyobaki ni ya binadamu. Zinaunganishwa katika maabara na kukuzwa ndani ya seli zinazofugwa huko.

20:04 Mwandoe: Basi tumwondoe yule paka wa Wakesho mapema, kabla ya tarehe 14, asije akamwangalia mwenye nyumba kwa jicho la mlo.

20:06 Mkawasi: Watu sita wamecheka ndani ya dakika mbili. Nimewahesabu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyechanga.

20:11 Malemba: Mimi nimechanga na nimecheka pia, msitulaumu sote. Ningependa kuuliza kuhusu bima. Tangu Oktoba 2024 ninakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali. Kwa kuwa dawa ni ileile, haiwezekani daktari aandike saratani ili fungu la saratani litumike?

20:14 Mkawasi: Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekubali. Siku akiletwa hospitalini usiku hawezi kuongea, daktari atakayefungua faili atasoma saratani na kumtibu saratani. Faili la Wakesho likidanganya litamuua.

20:22 Shangazi Mghoi: Wanangu, nimesoma yote. Mimi sijui mambo ya panya. Ninachoona ni kwamba pesa nyingi zinakwenda kwenye kitanda. Hapa Kayole tuna nesi mzuri sana ambaye hudunga watu sindano nyumbani kwa bei nafuu. Kwa nini dawa isinunuliwe tu, naye akaja kumdunga Wakesho palepale Umoja?

20:25 Mkawasi: Shangazi, kwa heshima zote, hii si sindano ya kudungwa mara moja mtu akashusha nguo na kwenda zake. Ni dripu. Kwanza anapewa panadoli, dawa ya mzio na steroidi, kisha inasubiriwa nusu saa. Halafu dripu inaanza polepole, miligramu 50 kwa saa, na inaongezwa kila nusu saa iwapo hajatetemeka, hajavimba koo na shinikizo la damu halijashuka. Siku ya kwanza inaweza kuchukua saa nne hadi sita, na muda wote huo lazima pawe na mtu wa kupima presha na oksijeni karibu. Na tafadhali tusisahau kwamba ile zahanati ya Aprili pia ilikuwa ya jirani, na nafuu.

20:27 Shangazi Mghoi: Unataka kusema nini?

20:29 Mkawasi: Nasema kilichotokea. Alikwenda kutibiwa maambukizi ya njia ya mkojo, akadungwa gentamisini, ambayo ni mojawapo ya dawa ambazo mgonjwa wa miasthenia hapaswi kupewa ovyo kwa kuwa inazidi kuikata njia ya neva na msuli. Kufikia usiku hakuweza kumeza mate yake. Siku tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi akipumuliwa na mashine, Shangazi, na deni lake tulilimaliza Oktoba.

20:31 Shangazi Mghoi: Nilimpeleka kwa sababu alinipigia simu mimi, wala si wewe. Lakini najua hilo silo linalokuuma. Linalokuuma ni Voi.

20:31 Mkawasi: Sijaitaja Voi.

20:33 Shangazi Mghoi: Huitaji, lakini kila nikiandika humu naisikia. Mwaka wa tano sasa.

20:36 Mwandoe: Mama, tafadhali. Jamani, nauliza tena kuhusu yule paka.

20:37 Mkawasi: Mwandoe, si sasa.

21:15 Mkawasi: Narudi kwenye hoja. Pesa za dozi ya kwanza peke yake ni 130,000, na tumebakisha 33,500 kuzifikia. Najua wengi wanafikiri tuanze na hiyo, nyingine tutaona mbele ya safari. Mimi sikubali. Nataka vichupa vyote vinne vinunuliwe pamoja, kwa sababu naujua ukoo huu. Tarehe 15 mtaweka vidole gumba, mseme Mungu ni mwema, na kufikia tarehe 28 nitabaki nikizungumza na ukuta.

21:40 Odhiambo: Kuhusu kuvinunua pamoja, naomba niongeze neno. Vichupa hivi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na havipaswi kugandishwa. Visiende nyumbani kwa mtu. Umoja stima hupotea, nayo friji ya Mwandoe ni ya soda. Tukilipa vyote, viachwe katika duka la dawa la hospitali kwa jina la Wakesho na risiti ichukuliwe.

21:42 Mwandoe: Friji yangu imetukanwa lakini imesamehe.

22:58 Wakesho: Nimesoma sasa. Nikiandika sana mikono inachoka, kwa hiyo nitasema machache. Piridostigmini, ile dawa ya kuisaidia misuli iisikie neva, ilinitetemesha misuli ya mashavu na haikunisaidia kumeza. Prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, inanisaidia, lakini imeniletea sukari, na uso huu wa mviringo hata wanafunzi wangu wameuona. Daktari wa neva alisema wagonjwa wenye kingamwili za MuSK mara nyingi huitikia rituksimabu vizuri, ila si kwa usiku mmoja. Ni wiki, pengine miezi, na prednisoloni haitaachwa ghafla. Baada ya miezi kadhaa seli B hurudi, kwa hiyo huenda nikahitaji dozi nyingine baadaye. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaambiwa kwamba nitapona tarehe 28.

23:01 Wakesho: Kipimo cha homa ya ini aina B majibu yake yatatoka Ijumaa. Virusi hivyo vikiwa vimelala mwilini dawa hii inaweza kuviamsha, kwa hiyo tarehe 14 itategemea majibu. Kuhusu Voi, tafadhali tuache.

Jumatatu, tarehe 5 Januari

06:10 Mzee Mwakio: Wanangu, wapwa wangu na mkwe wangu, nawasalimu. Niliamka usiku nikasoma yote mliyoandika, nami nilisubiri kupambazuke kwa sababu neno hili halikufaa kuandikwa gizani. Mnakumbuka ile harusi ya Voi, Wakesho aliposimama kutoa salamu za familia, maneno yakamtoka yameviringana, akaangusha glasi, na jicho moja likafumba mbele ya wakwe. Baadaye mezani maneno yalisemwa kwamba binti huyu amelewa. Mghoi amelaumiwa kwa maneno hayo tangu siku ile, naye hakuwahi kunitaja. Aliyesema amelewa ni mimi. Nilimwambia Mghoi amwondoe ukumbini, naye akamwondoa kwa kunitii. Nimefundisha darasani miaka 36, nimewaona watoto wa kila namna, na sikujua kwamba kope inaweza kuanguka bila pombe. Ningeuliza siku ile, huenda angepelekwa kwa daktari miaka miwili kabla ya alipopelekwa.

06:12 Mzee Mwakio: Nina shilingi 40,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya bati la nyumba ya Wundanyi. Mkawasi, nitakutumia leo asubuhi. Nyumba imevuja miaka mingi, na itavuja mwaka mmoja zaidi.

07:30 Odhiambo: Tumesikia, Mzee.

08:05 Malemba: Tumesikia, Baba Mkubwa.

09:17 Mkawasi: Nimepokea shilingi 40,000. Asante, Baba Mkubwa. Jumla ni 136,500. Shangazi Mghoi, nitakupigia simu jioni nikitoka kazini.

12:44 Mwandoe: Nimetuma 2,500. Sina utani wa kuongeza.

12:50 Mkawasi: Jumla ni 139,000. Dozi ya kwanza imetimia, na 9,000 zinabaki kwa ajili ya ile ya pili. Zimebaki 121,000. Waliosoma ujumbe wa Baba Mkubwa ni 21, na sitasema zaidi ya hapo.

13:20 Malemba: Dada, sasa je, tunasubiri zote zitimie au anaanza tarehe 14?

13:26 Mkawasi: Sijui. Jana nilikuwa na msimamo. Leo naona tukisubiri, nafasi ya kitanda itapotea, na yeye hawezi kumeza ugali tangu Desemba. Shemeji, unasemaje?

13:41 Odhiambo: Mimi ningemwacha daktari aamue, huku nikimweleza ukweli kuhusu pesa. Madaktari hawafuati mpangilio mmoja wa dozi kwa wagonjwa wote wa ugonjwa huu, na ni afadhali ajue mapema kuliko kushangazwa tarehe 28. Jambo jingine: yeyote atakayempeleka abebe ile kadi ya dawa za kuepukwa. Gentamisini imo, siprofloksasini imo, na kwinini imo. Akipata malaria akiwa Voi au Taveta, asipewe kwinini kwa mazoea.

13:44 Mwandoe: Nami nitaichapisha kadi hiyo na kuiwekea plastiki hapa dukani, nakala 23. Kila mtu humu awe nayo kwenye pochi.

15:02 Mkawasi: Vizuri. Sasa tarehe 14 nani atakaa naye? Mimi niko zamu na nimekwisha kumaliza likizo yangu kwa siku tisa zile. Anapaswa kuwa hospitalini saa moja na nusu asubuhi, na huenda akaruhusiwa kutoka jioni.

15:40 Mkawasi: Narudia. Nani atakaa naye tarehe 14?

17:25 Mwadime: Niko Doha, nilikuwa kazini. Nimeona ujumbe mwingi sana, nitausoma usiku. Naomba mtu anifupishie.

17:26 Mkawasi: Mwadime, usome.

18:09 Shangazi Mghoi: Mkawasi, usinipigie leo, sauti yangu si nzuri. Kaka, nimesoma ulichoandika, na nitakujibu mwenyewe siku nitakayoweza. Kuhusu Jumatano, mimi ninaweza kwenda, lakini sitakwenda mahali ambapo sitakiwi. Wakesho aseme mwenyewe.

18:50 Mwandoe: Mama akienda, mimi nitawachukua kwa gari la rafiki yangu kutoka Umoja. Yale ya tarehe 28 tutayazungumza.

18:52 Mkawasi: Hapana, yazungumzwe sasa. Pesa 121,000, na mtu wa kukaa naye mara ya pili.

19:35 Mkawasi: Watu 19 wamesoma.

21:48 Wakesho: Shangazi, njoo. Njoo na mto mdogo, kwa sababu ikifika alasiri shingo yangu haiwezi kushika kichwa, na mito ya huko ni mikubwa mno.