Pampu ya bwawa la sato nyuma ya nyumba: nichukue ipi, na niilinde vipi?

MwalimuWaKibaha

Wakuu, habari za jioni.

Nimestaafu, nipo Kibaha. Nyuma ya nyumba nimechimba bwawa la sato, mita 4 kwa 3, kina mita 1. Turubai zito limeshatandikwa na maji ya kisima yamo. Pembeni nimesimamisha pipa la lita 200 la kuchujia: chini kokoto, katikati sponji, juu nyavu kuukuu nilizozikunja. Maji yatapanda kutoka bwawani hadi pipani, yachujike, kisha yarudi yenyewe kwa mteremko. Kutoka usawa wa maji hadi mdomo wa pipa ni mita moja na nusu. Bomba litatembea kama mita 10, maana pipa nimeliweka kivulini upande wa jikoni.

Kariakoo nimeonyeshwa pampu tatu. Ya kwanza ni mota ya kukaa nje ya maji, ya nusu hosipawa, imeandikwa Qmax lita 35 kwa dakika, Hmax mita 35. Ya pili ni ya kuzamisha, ya maji machafu, wati 750, Hmax mita 8. Ya tatu ni ndogo ya kuzamisha, ya bustani, lita 5,000 kwa saa, Hmax mita 3.5. Muuzaji anaisifu ya wati 750, anasema "hiyo haikuangushi".

Lakini linaloninyima usingizi ni wajukuu. Likizo zote wapo hapa na hawatoki kwenye maji. Nataka pampu idumu, ila kabla ya hapo nataka nijue hakuna mtoto atakayeguswa na umeme.

---

Shamba_Mbopo

Mwalimu, chukua ya nusu hosipawa. Mimi ninayo kwenye kisima, inapandisha hadi tenki la ghorofani na haijawahi kunisumbua. Hizi za kuzamisha ikiharibika ni ya kutupa.

---

FundiMota_Tabata

Shikamoo Mwalimu. Ndugu yangu wa Mbopo ana haki ya kuisifu mota yake, kwa tenki ni sahihi kabisa. Kwa bwawa la samaki hapana, na naomba nieleze sababu, kwa sababu mezani kwangu zinaletwa mota nyingi zilizoungua kwa kupewa kazi isiyo yake.

Kwanza hizo Q na H. Qmax ni maji pampu inayotoa ikiwa haipandishi kitu. Hmax ni kimo ambacho ikifika, maji hayatoki tena hata tone. Huwezi kuyapata yote mawili kwa pamoja. Kazi yako iko katikati, kwa hiyo muulize muuzaji: kwenye mita 2 inatoa lita ngapi? Kwenye boksi au kikaratasi cha ndani huwa kuna mchoro wa mstari unaoshuka. Muuzaji asiyekuonyesha mchoro huo anakuuzia rangi ya boksi.

Bwawa lako ni lita 12,000. Kwa samaki, maji yote yapite kwenye kichujio angalau mara moja kila saa mbili, yaani lita 6,000 kwa saa zifike pipani. Mota ya nusu hosipawa ikijitahidi sana inatoa lita 2,100 kwa saa. Nguvu yake iko kwenye kupandisha juu, si kwenye wingi wa maji. Ndani yake impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, imebanana na ukuta, punje za mchanga zinaisaga. Halafu imetengenezwa ijaze tenki ipumzike, wewe unataka izunguke usiku na mchana.

Ya wati 750 maji itatoa, ila piga hesabu ya Luku: kwa saa 24 inakula uniti 18, kwa mwezi 540. Na kuna jambo wauzaji hawalisemi. Pampu nyingi za maji machafu zina mafuta ndani kulinda sili, yaani kizuizi cha maji yasiingie kwenye mota. Sili ikichoka, mafuta yanaingia bwawani kwa samaki wako. Kwa kunyonya shimo ni pampu nzuri, kwa sato siiwekei mkono wangu.

Aina ya tatu ndiyo yenyewe: rota ya sumaku inayozunguka ndani ya maji, haina mafuta, na imeundwa kufanya kazi mfululizo. Ila hiyo ya lita 5,000 ni ndogo, kwenye mita 2 utabaki na kama lita 2,000 na kidogo. Tafuta ya lita 10,000 kwa saa, Hmax mita 5, wati zisizidi 100. Wati 100 mfululizo ni uniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75, pampu peke yake itakula karibu zote, na matumizi ya nyumba yatakutoa huko, kwa hiyo liweke hilo kwenye bajeti mapema.

Na bomba, Mwalimu! Usifunge la inchi 1. Kwa lita 6,000 kwa saa, msuguano ndani ya mita 10 za inchi 1 unakula zaidi ya mita 4 za kimo, pampu nzima imeishia njiani. Inchi moja na nusu inakula kama nusu mita tu. Kona ziwe chache. Ukimaliza pima kwa ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 12, umepata lita zako 6,000.

Sasa wajukuu. Sakiti breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Mtu haimlindi. Umeme unaotosha kumuua mtoto ni mdogo sana kuifanya breka iruke. Unachohitaji ni RCD ya miliampia 30, kifaa kinachohisi umeme ukivuja na kukata papo hapo. Laini ya bwawa iwe na yake peke yake. Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, iwe ya kweli, nondo ya shaba iliyozama ardhini na kupimwa, siyo waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Kwenye pampu tafuta maandishi IPX8 au IP68, yaani imeundwa kukaa ndani ya maji. Waya wake usiungwe ndani ya maji hata kwa tepu ya namna gani. Kiungio kiwe juu ukutani, ndani ya boksi lisiloingiza mvua, na waya uning'inie chini ya boksi kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo. Ziba matundu yote ya boksi, sisimizi na mijusi wanapenda sana joto la swichi. Na mtu asitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi.

---

MamaSato_Goba

Mwalimu, hongera kwa bwawa. Fundi amesema yote ya umeme, mimi niongeze ya samaki.

Pampu usiilaze chini kabisa. Iweke juu ya matofali, karibu nusu ya kina. Siku bomba likichomoka au pipa likiziba, pampu itamwaga maji hadi usawa wake kisha itaanza kunyonya hewa, na samaki wako watabaki na nusu mita ya maji. Ikiwa chini kabisa, asubuhi utakuta turubai na sato waliokauka. Kwa sababu hiyo hiyo weka swichi ya boya inayozima pampu maji yakishuka, maana hizi pampu zinapozwa na maji hayo hayo, zikizunguka kavu zinaungua. Na bomba la kurudisha maji kutoka pipani liwe nene zaidi ya la kupandisha, inchi 3, uchafu ukiingia lisizidiwe.

Pampu iingize kwenye ndoo yenye mfuniko, uitoboe matundu madogo pande zote. Kikapu chake cha kiwandani ni kidogo, kinajaa majani na mavi ya samaki upesi. Ndoo ina eneo kubwa, mvuto kwenye kila tundu unakuwa hafifu. Sato wakishaanza kuzaa, zungushia ndoo chandarua, la sivyo vifaranga wanaishia kwenye impela. Kisha chandarua hicho ukisugue kila siku ya mapumziko unapolisha, kinaziba kwa utelezi wa kijani.

Ifunge kamba ya nailoni ya kuinulia. Kuivuta kwa waya wake ndiko kunakolegeza sili.

Na jambo ninalolishikilia sana: umeme ukikatika usiku, sato hawana subira. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, nyuzi 30 ni kama miligramu 7.5 kwa lita tu hata yakijaa, na alfajiri ndipo hupungua zaidi. Ukiwaona juu wanahema, muda umekwisha. Kambale anaweza kuvuta hewa juu ya maji, sato hawezi. Nunua pampu ya hewa ya volti 12, betri, na mawe yake ya mapovu. Ni kitu kidogo lakini ndicho kinachookoa bwawa.

---

Pwani_Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Kama maji ya kisima yana chumvi kama yetu huku, uliza mhimili wa pampu ni wa kauri au wa chuma cha pua cha daraja la 316. Vyuma vingine vinaliwa na kutu mara moja. Chokaa nayo hugandia rota hadi pampu inanguruma bila kuzunguka. Fungua, loweka rota na impela kwenye siki nyeupe, sugua kwa mswaki, suuza vizuri. Fanya hivyo kabla haijakwama, maana ikikwama huku stima imewashwa koili zinachemka. Stima ikipanda na kushuka, ipitishe pampu kwenye friji gadi: inakata volti zikiwa mbaya na inangoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha.

---

MwalimuWaKibaha

Nawashukuru mno. Fundi, nikilishusha pipa, nikalifukia hadi mdomo wake uwe sentimita 60 tu juu ya maji, na nikalisogeza likawa mita 4 kutoka bwawani, bado nahitaji ile ya lita 10,000? Na hiyo RCD nitajuaje ni nzima?

---

FundiMota_Tabata

Hapo umefikiri vizuri, Mwalimu. Kwa sentimita 60 na mita 4 za bomba la inchi moja na nusu, kimo chako chote hakifiki mita 1. Pampu ya lita 8,000 yenye Hmax mita 4 itakutosha, na wati zinashuka. Hakikisha tu tundu la pipa la kurudishia linabaki juu ya usawa wa maji ya bwawa, la sivyo mteremko haupo. Kivuli ukikikosa, funika pipa kwa makuti.

RCD ina kitufe kimeandikwa T. Bonyeza kila mwezi umeme ukiwa umewaka, lazima ikate. Isipokata, usiingize hata kidole bwawani hadi ibadilishwe. Kitufe hicho kinapima kifaa chenyewe, hakipimi ethi, kwa hiyo siku ya kufunga mwambie fundi aje na mita ya kupimia ethi na akuonyeshe namba. Wajukuu wasiruhusiwe majini kabla hujaiona.